Kuni za Mugumo Haziokotwi

Wageni wanaokuja Nyeri kupanda mlima husema mtoto wa kijijini haoni uzuri uliomzunguka; kwake msitu ni kuni na mto ni maji ya kuteka. Neno hilo huniuma. Mtoto anayetumwa kuni kila siku anajua mti upi unawaka na upi unatoa moshi mtupu. Wao je, wanaujua?

Cucu wangu, yaani bibi yangu, huko Tetu, alinituma thabai kabla sijaanza shule. Thabai ni mboga ya majani inayowasha vibaya. Alinionyesha mara moja tu: chuma majani mawili ya maigoya uani, yale mapana yenye manyoya laini, uyakunje kiganjani, ushike ncha changa kutoka chini, uivunje upesi. Nilipozembea, vidole viliniwasha hadi usiku, na sikupewa pole. Jioni thabai zile zilipondwa na viazi na mahindi, mukimo ukawa kijani kibichi, nikala nikijua kila jani lilikotoka.

Lakini mugumo! Hapo ndipo tunaposingiziwa zaidi, eti wazee wetu Wakikuyu waliabudu mti. Walimwomba Ngai, Mungu wao, wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mugumo ulikuwa mahali pa kusimama. Na mvua ilipoombwa, watoto wawili wadogo, mvulana na msichana, ndio waliotangulia mbele ya wazee wakibeba vibuyu vya maziwa na pombe ya asali.

Mwanamazingira Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alikatazwa na mama yake kuokota kuni za mugumo. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, naye alichezea mayai ya vyura akiyadhani shanga. Aliporudi kutoka masomoni Marekani alikuta mugumo umekatwa, na kijito kimekauka. Ukubwani ndipo alipoelewa kwamba mizizi ya mugumo ilipenya mwambani na kuyafungulia maji njia. Katazo la mama lilikuwa limekilinda kijito miaka yote hiyo, bila askari wa msitu.

Desemba iliyopita mpwa wangu kutoka mjini alinyoosha mkono mtupu kwenye thabai. Nilimshika kabla hajaigusa, nikamwambia asubiri, nikaenda uani kutafuta maigoya. Ua wa maigoya wa cucu umeng'olewa. Pamewekwa nguzo za saruji na seng'enge.