Jukwaa la Kitaifa la Wahariri wa Afrika Kusini

Jukwaa la Kitaifa la Wahariri wa Afrika Kusini (kifupi: SANEF) ni chama cha wahariri, waandishi wa habari waandamizi na walimu wa uandishi wa habari nchini Afrika Kusini. Kilianzishwa mjini Cape Town mnamo Oktoba 1996, miaka miwili na nusu baada ya uchaguzi wa kwanza ulioshirikisha wananchi wa rangi zote. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Thami Mazwai.

SANEF si chama cha wamiliki wa magazeti, wala si chama cha wafanyakazi kinachodai mishahara. Kinawaunganisha watu wanaoamua kila siku habari ipi itoke na ipi isitoke. Kwa sababu hiyo historia yake ni sehemu ya historia ya nchi hiyo ilipokuwa ikitoka katika utawala wa ubaguzi wa rangi na kuingia katika demokrasia.

Vyama viwili kabla ya kimoja

Wakati wa ubaguzi wa rangi, magazeti yaligawanyika kama nchi yenyewe. Yale ya Kiafrikana kwa kawaida yaliunga mkono chama tawala cha National Party. Mengi ya Kiingereza yaliipinga serikali kwa kiasi, lakini wasomaji na wahariri wao walikuwa hasa Wazungu. Magazeti yaliyoandikwa kwa ajili ya Waafrika yalikuwa na waandishi weusi, ingawa mara nyingi kampuni zilikuwa za Wazungu.

Adhabu nazo hazikuwaangukia wote kwa usawa. Tarehe 19 Oktoba 1977, wiki chache baada ya kifo cha Steve Biko mikononi mwa polisi, serikali ililifunga gazeti la The World pamoja na Weekend World, na mhariri wake Percy Qoboza akawekwa kizuizini. Donald Woods, mhariri Mzungu wa Daily Dispatch aliyekuwa rafiki wa Biko, alipigwa marufuku kuandika. Siku hiyo hukumbukwa kila mwaka kwa jina la "Jumatano Nyeusi". Katika miaka hiyohiyo umoja wa wamiliki wa magazeti ulikuwa na makubaliano na jeshi na polisi kuhusu namna ya kutangaza habari zao.

Hivyo utawala wa zamani ulipokwisha, kulikuwa na vyama viwili: Mkutano wa Wahariri, ambao wanachama wake karibu wote walikuwa Wazungu, na Jukwaa la Wahariri Weusi. Wa kwanza walizoea kuzungumzia uhuru wa habari kama suala la sheria. Wa pili waliuliza swali jingine: uhuru wa nani, ikiwa wamiliki na wakuu wa vyumba vya habari ni walewale wa jana? Muungano wa 1996 haukulimaliza swali hilo. Uliliweka tu katika chumba kimoja.

Mwaka uliofuata Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifanya vikao maalumu juu ya vyombo vya habari. Kampuni kubwa ya magazeti ya Kiafrikana, Naspers, ilikataa kutoa maelezo. Waandishi wake zaidi ya mia moja waliandika maelezo yao wenyewe na kuyapeleka kwenye Tume. Kampuni iliomba radhi mwaka 2015.

Kulinda vyanzo vya habari

Katiba mpya ya 1996 ilitaja wazi uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 16. Hata hivyo sheria kadhaa za zamani zilibaki. Iliyowasumbua wahariri zaidi ni kifungu cha 205 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kinachoruhusu mtu kuitwa na kulazimishwa kueleza anachojua kuhusu kosa. Akikataa bila sababu ya haki, anaweza kufungwa. Baada ya Rashaad Staggie, kiongozi wa genge la wahalifu, kuuawa hadharani mjini Cape Town mnamo Agosti 1996 mbele ya wapiga picha, wakuu wa mashtaka walitaka picha na ushahidi kutoka kwa waandishi. Mpiga picha anayejulikana kuwa shahidi wa polisi hawezi tena kusimama kwa usalama mahali penye vurugu, na hoja hiyo SANEF iliipeleka serikalini. Februari 1999 ilitia saini hati ya makubaliano na mawaziri wa sheria na wa usalama pamoja na Mkurugenzi wa Taifa wa Mashtaka, ili mazungumzo yatangulie kabla ya mwandishi kuitwa. Kifungu chenyewe hakikufutwa.

Mgogoro wa mwaka 2000

Jaribio kubwa zaidi halikutoka kwa polisi. Lilitoka kwa Tume ya Haki za Binadamu, chombo kilichoundwa na Katiba yenyewe. Mwaka 1998, kufuatia malalamiko ya vyama vya wanasheria weusi na wahasibu weusi, Tume ilianza kuchunguza ubaguzi wa rangi katika vyombo vya habari. Februari 2000 ikawapelekea wahariri zaidi ya 30 hati za wito, na kutotii kungekuwa kosa.

Wanachama wengi wa SANEF walisema kwamba kumlazimisha mhariri ajieleze mbele ya chombo cha dola ni kurudi kulekule walikotoka. Wahariri weusi watano walijitenga na msimamo huo na kutangaza kwamba wangehudhuria. Kwao ubaguzi ulikuwa jambo walilokutana nalo kazini, na kukataa kuhojiwa kungeonekana kama kuuficha. Chama kilikaribia kupasuka katika ufa uleule wa 1996.

Viongozi wa SANEF walikwenda kuzungumza na Tume, iliyokuwa chini ya Barney Pityana. Hati za wito ziliondolewa, na wahariri wakahudhuria kwa hiari kuanzia Machi. Kila upande ulipata sehemu ya ulichotaka: vikao vilifanyika na ubaguzi ukazungumzwa hadharani, lakini hakuna mhariri aliyeletwa kwa amri. Kama kungekuwa bado na vyama viwili, kimoja cha Wazungu na kimoja cha Waafrika, ni vigumu kuona nani angeweza kufanya mazungumzo hayo.

Baadaye

Juni 2001 SANEF ilikutana na Rais Thabo Mbeki na mawaziri wake huko Sun City kujadili uhusiano wao. Kuanzia 2010 ilikuwa miongoni mwa waliopinga muswada wa siri za serikali. Bunge liliupitisha, lakini Rais Jacob Zuma aliurudisha mwaka 2013 bila kuutia saini, na Rais Cyril Ramaphosa naye akaurudisha mwaka 2020. Nje ya nchi, wahariri wa Afrika Kusini walisaidia kuanzisha Jukwaa la Wahariri wa Afrika mwaka 2005. Vyama vya namna hii vipo pia Afrika Mashariki, kama vile Jukwaa la Wahariri Tanzania.

Gazeti la Sunday Times lilipokiri kwamba baadhi ya habari zake za uchunguzi, zikiwemo zile za mamlaka ya kodi, zilikuwa na makosa makubwa, SANEF iliunda jopo chini ya jaji mstaafu Kathy Satchwell lichunguze maadili ya taaluma yake yenyewe. Ripoti yake ilitolewa Januari 2021.