Ukilaumiwa kwa beringi mbovu, nani atakutetea?

Hebu nikuulize: umewahi kukatwa pesa kazini kwa kosa ambalo huna njia ya kuonyesha si lako?

Mimi imenipata. Nilipoacha chuo, nilipata kibarua kwa karakana moja hapa Nairobi. Kazi ilikuwa kushindilia beringi kwenye shafti kwa presi ya mkono. Unavuta wenzo, beringi inaingia, unashika nyingine. Siku moja mzigo ukarudishwa, eti beringi zimelegea. Msimamizi hakuuliza mengi: "Si wewe ndiye ulikuwa kwa presi?" Mshahara wa siku tatu ukaenda. Ningejitetea na nini? Mkono hauachi rekodi.

Kumbe unaweza kuacha. Kuna kifaa kinaitwa kihisi cha nguvu, na wewe umeshakiona kwa bucha. Ndani ya mizani ya dijitali kuna kipande cha chuma kilichogandishwa kijiutepe chembamba. Nyama ikiwekwa, chuma kinapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Kijiutepe kinavutika, umeme unapita kwa ugumu tofauti, namba inatokea. Si mambo ya jana: Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, walikibuni mwaka wa 1938, kila mmoja kivyake.

Sasa kitie kihisi hicho kwenye presi, pale inapokandamiza. Ongeza kingine cha kupima beringi imeshuka kiasi gani. Kila ukivuta wenzo, kompyuta inachora mstari.

Mstari huo unasema ukweli wote. Beringi ikiingia vizuri, nguvu inapanda taratibu, kisha inaruka ghafla beringi ikifika mwisho. Nguvu ikiwa ndogo kupita kiasi, huenda shafti ni nyembamba, na hapo hata ungevuta kama trekta, beringi italegea tu. Ikiruka mapema, pengine imeingia kombo au kuna uchafu. Taa nyekundu inawaka papo hapo, kabla mzigo haujatoka.

Umeona? Kama shafti zangu zilikatwa vibaya, mstari ungesema, na aliyezikata ndiye angeulizwa.

Lakini usishangilie bado. Mtambo huohuo unaweza kuhesabu umeshindilia ngapi kwa saa, na umepumzika dakika ngapi. Tena, kihisi kisipopimwa upya mara kwa mara kitadanganya, kama mizani ya bucha iliyochezewa.

Kwa hivyo bosi akileta presi ya aina hiyo, usinune. Uliza: nani ameweka viwango, kihisi kilikaguliwa lini, na rekodi yangu nitaiona wapi? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinatumiwa vipi.

Rekodi ikikaa kwa bosi peke yake, itamtetea yeye. Hakikisha na wewe unaiona.