Mradi Ukiisha, Fundi Gani Anabaki na Kazi?

Ukisimama Maili Moja, Kibaha, unaiona barabara ya Morogoro ilivyopanuliwa kutoka Kimara: kilomita 19.2, njia nane. Ujenzi kama huu unameza watu kwa mkupuo: madereva wa mitambo, mafundi zege, vibarua. Lami ikishakauka, wengi wanafungasha.

Sasa iangalie reli ya SGR, inayopita Soga na Ruvu, hapa hapa Pwani. Ilianza kubeba abiria Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024, kwa umeme wa kilovolti 25. Nyaya, transfoma na viyoyozi vya mabehewa vinachakaa kila siku, hata baada ya mkandarasi kuondoka.

Ndiyo tofauti ya ajira za kujenga na ajira za kutunza. Za kwanza hupanda haraka na kushuka haraka. Za pili hupanda taratibu, ila zinadumu.

Basi ukichagua fani, jiulize: kikishazinduliwa, nani atakitengeneza?

Na wewe uliyejifunzia gereji, bila cheti? VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa unachokiweza, unaongezewa kinachopungua, unapewa cheti. Mikono yako inajua kazi, sawa, lakini mwajiri anaanza kwa kusoma karatasi.