Fahamu: Kwa nini mwili hung'ang'ania kilo zake
Mkazi wa Arusha akinenepa huambiwa ni mvivu. Ushahidi hauungi mkono lawama hiyo. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walionyesha kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaotembea kutwa wakisaka mizizi na asali, hutumia nishati sawa na Wamarekani, ukizingatia ukubwa wa miili. Kumbe ulaji ndio wenye uzito zaidi, nao una homoni zinazousimamia: leptini, iliyogunduliwa 1994, hutoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kuhusu akiba, nayo ghrelini ya tumboni huamsha njaa. Ukikonda, ya kwanza hushuka, ya pili hupanda, na njaa hukurudisha kwenye kilo zako. Mbona basi wazee wetu hawakunenepa hivi? Homoni zilikuwa zilezile. Ila chipsi na soda hazikuuzwa kila kona ya mtaa kama Kaloleni, Arusha. Mazoezi bado yanaufaa moyo, hata kilo zisipopungua.