Vyuo viwili vya afya, ada tofauti: upi ni nafuu kweli?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi hutupigia simu studio na swali moja: "Nimpeleke mwanangu chuo gani?" Mkononi ana fomu mbili za vyuo binafsi, na ng'ombe wa kuuza ni wale wale.

Tuchukue stashahada ya utabibu, ambayo ni miaka mitatu. Tuseme chuo cha kwanza kinatoza ada shilingi 1,200,000 kwa mwaka, cha pili 1,600,000. Wengi watakimbilia cha kwanza. Lakini soma fomu hadi ukurasa wa mwisho: hosteli, sare, mitihani, bima, mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kama hayo ni 900,000 kwa chuo cha kwanza na 300,000 kwa cha pili, basi kwa miaka mitatu utalipa 6,300,000 kule na 5,700,000 huku. Kile cha ada ndogo ndicho ghali.

Pili, angalia wanampokea nani. Kiwango cha chini cha NACTVET ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Chuo kinachochagua wenye alama za juu tu kitakuwa na matokeo mazuri hata kama walimu wake ni wa kawaida. Mwanao akiwa na D, uliza: wenzake walioingia na D walifika wapi?

Tatu, wangapi wanamaliza? Ukiambiwa "asilimia 95 wamefaulu," uliza, asilimia 95 ya nani? Tuseme waliingia 100, wakaacha njiani 60, wakafanya mtihani wa mwisho 40 na wakafaulu 38. Hiyo ni asilimia 95 kweli. Lakini ukihesabu tangu siku ya kwanza, waliomaliza ni 38 kati ya 100. Wale wengine 62 walilipa ada, na stashahada hawana.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla hujalipa, hakikisha chuo na kozi vimo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET. Kisha kiulize chuo: miaka mitatu iliyopita waliingia wangapi, na wangapi wamemaliza kwa wakati? Wakizungusha maneno, usiuze ng'ombe kwanza.