Kitufe Kilichokaa Sakafuni

Mtu anayeshika usukani wa Mini ya mwaka 1959 kwa mara ya kwanza hugeuza ufunguo, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, kisha kimya. Ufunguo wa gari hilo hufungulia umeme wa plagi na taa hiyo. Stata hauiambii neno. Kitufe cha kuamsha injini kiko sakafuni, katikati ya viti vya mbele, na wasioyazoea magari ya kale hukiona kituko cha Waingereza au ushamba wa enzi zile. Wanakionea. Katika magari mengi ya zamani swichi ya stata ilikaa pale waya mnene ulipopita, na waya huo ulipita kulingana na mahali betri ilipowekwa. Umeme ndio uliopanga, mchoraji wa gari akafuata.

Tuanze na hesabu. Stata, ambayo gereji nyingi huiita selfu, ni mota ndogo yenye kazi ya sekunde chache tu, lakini kazi nzito ajabu. Taa ya mbele ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 5. Stata ikizungusha injini iliyolala usiku kucha inaweza kula 150 na kuzidi, sawa na taa 30 zilizowashwa kwa mkupuo. Umeme wa kiasi hicho hausamehe uchafu. Chukua swichi ambayo shaba zake zimechakaa hata zikaongeza ukinzani wa omu 0.01, kiasi kidogo mno kwa mita ya kawaida ya fundi kukipima sawasawa. Zidisha kwa ampea 150: volti 1.5 zimepotea njiani. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni sehemu moja kati ya nane. Kwa betri ya volti 6, iliyotumika katika magari mengi ya zamani, ni robo nzima. Volti hizo hugeuka joto la wati 225 ndani ya swichi inayoenea kiganjani. Kwa hiyo waya ulipaswa kuwa mnene na wa njia fupi, na swichi ikapaswa kuwa na shaba nzito zinazokandamizwa kwa nguvu. Kidole juu ya kitufe cha dashibodi hakina nguvu hiyo. Mguu unayo.

Ushahidi uko katika magari yenyewe. Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alikuwa amekwisha kutengeneza mota ya umeme ya mashine za fedha za madukani, akajua kwamba mota inayofanya kazi kwa kitambo kifupi inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa bila kuungua. Stata yake iliingia katika Cadillac za mwaka 1912, ikaanza kuistaafisha hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, ambayo ilikuwa ikirudi nyuma kwa kishindo na kuvunja mikono ya watu. Ford Model T ilipopata stata mwaka 1919, swichi ilikaa sakafuni, karibu na kisigino cha dereva, juu ya njia ya waya utokao kwenye betri. Mini ni shahidi bora zaidi: betri iko kwenye buti, injini iko mbele, na waya mnene hupita chini ya gari kutoka nyuma hadi mbele. Pa kuukatiza, ambapo dereva anapafikia, ni katikati ya viti. Morris Minor, kwa upande wake, betri yake iko chini ya boneti, kwa hiyo waya haukuwa na sababu ya kuingia alipokaa abiria. Dereva alivuta kinundu kwenye dashibodi, nacho kikavuta kebo ya chuma kama ya breki ya baiskeli hadi kwenye swichi huko mbele. Umeme ulibaki kwake. Uliosafirishwa ni mkono.

Mjuzi atauliza: mbona Beetle za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa na kitufe kidogo kwenye dashibodi? Ni kwa sababu kitufe hicho hakibebi umeme wa stata. Hupeleka ampea chache kwenye solenoidi, koili inayogeuka sumaku na kuvuta chuma, nacho chuma kikaunganisha boliti mbili nene za shaba. Ni mwenye nyumba anayemwita bawabu afungue lango zito. Bawabu alipokwisha kuajiriwa, amri iliweza kutolewa popote. Chrysler waliiweka kwenye ufunguo mwaka 1949. Buick waliiweka kwenye pedali ya mafuta, wazo ambalo hadi leo linashangaza. Na pale solenoidi ilipopandishwa juu ya stata yenyewe, ilipewa kazi ya pili: kusukuma gia ndogo ikamate meno ya flaiwili kwanza, ndipo umeme mkubwa upite.

Wapenzi wa magari ya kale wana hoja nyingine, nayo ina uzito: swichi ya moja kwa moja haina koili ya kuungua, na hufunguliwa kwa spana moja. Ni kweli. Lakini swichi hiyo humfanya dereva kuwa sehemu yake. Akikanyaga kwa kusitasita, cheche huruka na kuila shaba. Siku mbaya shaba hugandana, stata ikaendelea kuzunguka mpaka betri ichomolewe. Solenoidi hufunga kwa nguvu ileile kila mara, ilimradi betri iko sawa. Kwa hiyo anayeacha kitufe cha asili mahali pake na kuficha solenoidi nyuma yake hajaliharibu gari, hata kama wapenda uasilia watanuna.

Gari likitoa “tik” na kunyamaza, au likizungusha kwa uvivu, lawama huangukia betri kwanza, kisha stata, na zote mbili hununuliwa upya kabla swichi haijahojiwa. Weka mita kwenye volti, gusisha ncha zake kwenye boliti mbili za swichi, kisha mwenzako apige stata. Mita ikibaki juu ya nusu volti wakati injini inazunguka, swichi ndiyo mgonjwa, na pengine msasa tu utaiponya. Pima hivyohivyo waya wa ethi, kutoka betri hadi bodi na kutoka bodi hadi injini. Usiunganishe boliti kwa bisibisi, maana betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Na kabla ya yote weka gia huru: gari la namna hii likipigwa stata likiwa kwenye gia huruka mbele, hata kama hakuna mtu kwenye usukani.