Jua la Mtoto Wako Si Jua la Mtoto wa Jirani

JUA NA AFYA YA FAMILIA: Sehemu ya Pili

Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya damu walivyochukua kwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania. Walitaka kujua mtu anayeishi nje mchana kutwa, kama mababu zetu walivyoishi, huwa na vitamini D kiasi gani mwilini. Wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya nanomoli 50 ambazo wataalamu wengi huona zinatosha. Lakini kilichonigusa zaidi ni maelezo mafupi waliyoyatoa kuhusu maisha ya watu hao: wanashinda nje, wanavaa nguo za kiasi, ila jua kali wanalikwepa kila wanapopata nafasi. Yaani mtu anaweza kuwa na vitamini D tele na bado adhuhuri akawa amekaa chini ya mgunga.

Nimeanza na hilo kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu jua yamegawanyika pande mbili zisizosikilizana. Kuna mzazi anayeamini jua ni dawa, kadiri mtoto anavyolipata ndivyo mifupa inavyokomaa. Kuna na mzazi, hasa wa mjini, aliyesoma habari za saratani ya ngozi akaamua mtoto asitoke bila kupakwa losheni ya kutoka ng'ambo. Wote wawili wanauliza kama jua ni zuri au baya, ilhali swali lenye manufaa ni jua la saa ngapi, kwa ngozi ipi.

Wiki iliyopita tuliona kwamba mionzi ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili, UVA na UVB. UVB ndiyo inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ni hiyohiyo inayounguza. Hakuna namna ya kupokea faida na kuiacha hasara mlangoni. Kinachowezekana ni kupima, na mwili wenyewe unatusaidia: ngozi ikishatengeneza kiasi chake, jua linaloendelea kuipiga huanza kuivunja vitamini ileile. Anayeshinda juani saa tatu nzima hapati vitamini mara tisa ya aliyekaa dakika ishirini. Kinachoongezeka ni madhara.

Kipimo bora cha kuanzia hakiuzwi dukani. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, UVB ni dhaifu. Kikiwa sawa na kimo chako, jua liko katikati ya upeo na utosi, na ngozi nyeusi inaweza kufanya kazi yake bila kuumia. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mti. Naipenda kanuni hii kuliko saa ya mkononi, maana saa ya serikali ni moja lakini nchi ni pana. Dar es Salaam jua hufika utosini karibu na saa sita na nusu mchana. Kigoma, kwa saa ileile, ni karibu na saa saba. Mama wa Ujiji anayesoma gazeti lililoandikwa Dar akafuata saa zake, atakosea kwa zaidi ya nusu saa. Kivuli chake hakitamkosesha.

Tena usilipime jua kwa joto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000. Mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, wakati hewa inazidi kupoa. Mtoto wa Njombe aliyevaa sweta na uso wazi saa sita mchana anapigwa na mionzi mingi kuliko anavyohisi. Wingu jepesi nalo hupitisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Sasa tuje kwenye desturi ya kuanika mtoto mchanga jua la asubuhi. Nia yake ni njema, na kumtoa mtoto nje kuna faida nyingi. Ila jua la saa moja, lile la rangi ya dhahabu, karibu halina UVB. Halimpi vitamini D ya maana. Wala kumwanika si tiba ya manjano. Mtoto mchanga akigeuka rangi ya macho na ngozi, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu manjano yakizidi yanaweza kuharibu ubongo. Taa zinazotumika hospitalini hutoa mwanga wa buluu wa kiwango kinachojulikana. Hata madaktari wa Nigeria walioweza kutumia jua kutibu manjano, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliwaweka watoto chini ya turubai maalumu linalochuja mionzi ya urujuanimno na joto, na wauguzi wakiwa pembeni wakipima.

Kwa mtoto anayenyonya, ukweli mwingine hausemwi vya kutosha: maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo. Madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza matone yenye uniti (IU) 400 za vitamini D kila siku tangu siku za kwanza. Ulizia kliniki, hasa kama unaishi ghorofani na mtoto hatoki. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwani kioo huzuia karibu UVB yote.

Nasema ghorofani, lakini wanaoumia zaidi si watoto wa ghorofani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto wenye matege katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi ulionyesha kwamba chanzo kikuu kilikuwa upungufu wa vitamini D, ukiambatana na utapiamlo. Jiji hilo liko karibu kabisa na ikweta! Ukiwa umewahi kupita vichochoro vya mitaa kama hiyo utaelewa. Mabati yanakaribia kugusana, mama anaondoka alfajiri kutafuta kibarua, mtoto anabaki ndani na dada yake hadi jioni. Jua liko juu ya bati, mtoto yuko chini yake.

Hata hivyo si kila matege yanatokana na kukosa jua. Huko Jos, Nigeria, madaktari walikuta watoto wenye matege ambao vitamini D haikuwa shida yao kubwa. Walichokosa ni kalsiamu, na kuwapa kalsiamu kuliwaponya vizuri kuliko kuwapa vitamini D peke yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999. Mtoto anayekula uji wa mahindi mtupu asubuhi na ugali jioni yuko katika hatari hiyohiyo hata akicheza nje siku nzima. Maziwa yakikosekana, dagaa wanaoliwa na miba yao ni hazina.

Wanawake wanaojisitiri nao wana haki ya kuzungumziwa bila kulaumiwa. Vipimo vilivyofanywa Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba vimeonyesha mara kwa mara upungufu mkubwa wa vitamini D, katika nchi ambazo jua haliishi. Watu husitiri mwili, hukwepa joto, huishi ndani ya viyoyozi. Pwani yetu ilikuwa na jibu lake: ua. Nyumba za zamani za Unguja na Lamu ziliachiwa nafasi ya wazi katikati, na mwanamke aliyekaa hapo akipepeta mchele, mikono wazi hadi viwikoni, alipata jua lake bila kuonwa na mpita njia. Leo tunajenga fremu za duka ukuta kwa ukuta na ua tunaufunika bati. Ndugu zetu walio London au Toronto wana tatizo jingine: wakati wa baridi jua la huko halina UVB ya kutosha hata ukisimama nje uchi. Uingereza huwashauri wenye ngozi nyeusi watumie vidonge vya mikrogramu 10 kwa siku mwaka mzima.

Mpaka hapa nimelitetea jua. Lakini yupo mtoto ambaye kwake karibu yote niliyoyasema hayahusu, naye anasoma darasa moja na wenzake, anavaa sare ileile, anasimama mstarini palepale.

Ngozi nyeusi ina melanini, mwavuli tuliozaliwa nao. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino kati ya watu 1,400, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na Ulaya. Madaktari wa Dar es Salaam waliandika tangu mwaka 1985 kwamba madhara ya jua huonekana katika ngozi hizo tangu miaka ya utotoni, na saratani huja katika umri wa ujana, wakati mtu anapaswa kuwa anajenga maisha. Ngozi hiyo hutengeneza vitamini D upesi sana. Dakika anazopata akienda chooni na kurudi zinamtosha. Asianikwe kabisa.

Wapo pia wanaouvua mwavuli huo kwa hiari. Mkorogo wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi hupunguza melanini na kuidhoofisha ngozi, kisha mtu huyo anasimama sokoni saa saba mchana.

Kinga ina mpangilio wake, nao hauanzi na chupa. Kwanza ni saa, pili kivuli, tatu nguo, na mafuta mwisho kwa pale palipobaki wazi. Kivuli nacho hakilingani. Mwembe wenye majani mazito ni kinga ya kweli. Mnazi hupitisha miale kila upepo unapovuma. Ufukweni, mchanga mkavu hurudisha takriban asilimia 15 ya mionzi, hivyo mtoto aliye chini ya mwavuli anapigwa kutoka chini.

Nguo ijaribu mwenyewe. Itandaze juu ya kiganja chako mbele ya dirisha. Ukiona vidole vyako, nguo hiyo haitoshi kwa mtoto mwenye ualbino. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba hushindwa jaribio hilo mara nyingi, na ikilowa inazidi kushindwa. Shati la jinzi la mitumba hulipita bila shida. Kwa hiyo sare ya shati jeupe la mikono mifupi, ambayo shule nyingi hushikilia kama sheria ya msahafu, ni kinga duni kwa mtoto huyu. Nawaomba walimu wakuu waruhusu mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na pama la ukingo mpana darasani na nje. Kapelo haifai, kwani huacha masikio na kisogo.

Kuhusu mafuta ya asili, nitasema waziwazi maana hapa watu wanaumia. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu. Kama kinga ya jua, vipimo vya maabara vilivyochapishwa India mwaka 2010 viliyapa kiwango cha kinga (SPF) cha takriban 7, na hicho ni kipimo cha maabara, mbali na ngozi inayotoka jasho. Liwa ya msandali ni pambo na tunzo ya uso, haina kazi hiyo. Udongo mwekundu wa Wahimba wa Namibia, uliojaa madini ya chuma, ulipimwa mwaka 2015 ukaonekana kweli unapunguza UVB, lakini ni kwa kiasi kisichomtosha mtoto mwenye ualbino. Asili iliyo na nguvu ya kutosha ni madini: oksidi ya zinki na ya titani, yaliyosagwa na kuchanganywa kiwandani yakaenea sawasawa. Usinunue unga wa zinki ukakoroga nyumbani. Utaenea kwa mabaka, na penye upungufu hutapaona kwa macho.

Tafuta SPF 30 au zaidi, inayozuia UVA na UVB. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, ndiko yalikoanzia mafuta ya Kilisun, yaliyotungwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kenya hugawa mafuta bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ni haki ya mtoto, mzazi asione haya kuyafuatilia.

Namna ya kupaka ni muhimu kuliko jina la chupa. Kwa uso na shingo ya mtu mzima, kamua mistari miwili, mmoja kidole cha shahada na mmoja kidole cha kati, kutoka kwenye shina hadi ncha. Wengi hupaka robo ya hiyo, na kinga hushuka kwa kiasi hicho. Usisahau nyuma ya masikio na ncha zake, kisogo, mdomo wa chini, na mgongo wa viganja. Vidonda vingi huanzia kichwani na shingoni. Rudia kila baada ya saa mbili, na mara tu mtoto anapotoka majini. Mtoto wa chini ya miezi sita asipakwe. Yeye ni wa kivulini na nguo.

Na kila mwezi, mchunguze mtoto mwenye ualbino kwenye mwanga mzuri. Papasa mashavu, masikio na mikono. Ukikuta sehemu yenye magaga makavu yanayorudi kila yakibanduka, au kidonda kisichofunga kwa wiki nne, usikipake dawa ya dukani. Nenda kwa daktari wa ngozi. Vidonda hivyo vikiwa vidogo huondolewa kwa kugandishwa au kwa upasuaji wa muda mfupi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo: macho, miwani ya jua ya bei rahisi, na mtoto asiyeona ubao.